Jipake Kabla Maji Hayajakauka

Tangu kipupwe kianze, barua zinazofika kwenye ukurasa huu zimekuwa na kilio kimoja: ngozi inayolala na mafuta na kuamka imepauka. Nyingi zinatoka Arusha na Moshi, wala si ajabu. Arusha iko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni hadi Agosti ni wa sweta na blanketi zito. Moshi iko chini zaidi na ina joto, lakini upepo na vumbi la kiangazi huimaliza ngozi vilevile. Tumechagua barua zinazobeba maswali ya wengi.

Habari za kazi. Kila usiku kabla ya kulala najipaka mafuta ya mgando miguuni, tena mengi, mpaka shuka linanata. Asubuhi miguu imepauka kama sikupaka kitu. Nikijikuna kidogo inabaki mistari myeupe. Nimebadilisha kopo mara tatu nikidhani nimeuziwa feki. Tatizo ni mafuta au ngozi yangu? — Msomaji, Sakina, Arusha

Nzuri, dada. Yaelekea mafuta yako ni mazima. Kinachokuponza ni saa unayojipaka. Mafuta ya mgando hayana hata tone la maji ndani yake. Kazi yake ni kufunika tu, yaani kuyazuia maji yaliyomo kwenye ngozi yasitoke. Ukioga saa kumi na mbili jioni, ukapika, ukala, ukatazama taarifa ya habari, halafu ukajipaka saa nne, umefunika chungu ambacho maji yake yalishakwisha. Na chungu kikavu hakijai kwa sababu ya kifuniko.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba mno, sehemu kubwa ya mwili halifiki hata milimita 0.03. Chembe zake zimepangwa kama matofali, na mafuta ya asili yamejaa katikati kama saruji. Maji hupenya humo polepole kutoka ndani ya mwili kwenda nje, na usiku hupenya zaidi kuliko mchana. Ndiyo sababu moja ya mwasho kukuanza ukishaingia kitandani. Ukungu wa asubuhi wa Julai usikudanganye: hewa ya baridi hubeba maji kidogo hata ikionekana imelowa, na ikishaingia ndani ikapata joto la chumba na la mwili wako, inakuwa hewa kavu inayokunywa maji popote inapoyakuta. Ongeza ndoo ya maji ya moto sana tunayoipenda msimu huu, ambayo huyeyusha ile saruji na kuiondoa pamoja na povu, na hapo ngozi inalala ikiwa wazi.

Fanya hivi. Sogeza kuoga kwako karibu na kulala. Changanya maji yawe vuguvugu, uyapime kwa kiwiko kama unavyompimia mtoto mchanga. Kiwiko kikisita, ongeza ya baridi. Oga dakika tano hadi kumi, zisizidi. Sabuni iishie kwapani, sehemu za siri kwa nje, na nyayo. Miguu, mikono na mgongo wa mtu asiyeshinda kwenye vumbi vinatosheka na maji matupu siku nyingi za wiki.

Ukitoka, usijisugue kwa taulo. Gusa na kuachia, gusa na kuachia, mpaka matone yaache kutiririka lakini ngozi bado ina ubaridi wa maji ukiigusa kwa nyuma ya mkono. Hapo una kama dakika tatu. Kopo liwe tayari bafuni au mlangoni, limeshafunguliwa. Chota kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya mgando: hicho kinatosha miguu yote miwili kuanzia magotini hadi vifundoni. Yapashe moto kati ya viganja mpaka yalainike, kisha uyapake kwa kushuka kufuata malaika, bila kukandamiza. Yataonekana kama yanateleza juu ya maji na kukataa kushika. Usiogope, na usiyafute ukaanza upya. Baada ya dakika mbili tatu maji yanatulia chini na mafuta yanabaki juu. Ngozi ibaki na mng'ao mwepesi. Ukiona weupe wa mafuta yenyewe, umezidisha, na yaliyozidi ni chakula cha shuka. Vaa suruali nyepesi ya pamba ya kulalia.

Ikiwa ratiba ya nyumbani hairuhusu kuoga usiku, lowesha kitaambaa kwenye maji vuguvugu, ufute miguu mpaka ilowe kwa dakika moja, kisha upake. Kama una losheni, iweke kati ya maji na mafuta: losheni kwanza, dakika moja, halafu mafuta ya mgando kidogo kuliko kawaida.

Usiihukumu ngozi kwa usiku mmoja. Ndani ya siku tatu nne ile mistari ya kucha itaanza kufifia, ila mipasuko midogo inataka wiki mbili hadi nne, kwa kuwa tabaka zima la juu lazima lijijenge upya. Kuhusu feki, mafuta ya mgando mazuri yana rangi moja kopo zima, hayana chengachenga wala matone ya maji, na hayana harufu kali. Kwa ngozi iliyochanika chagua yasiyo na manukato kabisa.

Mimi ni fundi cherehani. Rafiki yangu alinishauri nipake glisarini tupu mikononi na usoni usiku, na matone ya limau. Siku za kwanza nilimeremeta, sasa inanata, inawaka, na ngozi imekuwa kavu kuliko mwanzo. Niendelee? — Fundi, Majengo, Moshi

Limau liache leo hii. Tindikali yake huchoma ngozi yenye mipasuko, na ngozi yenye maji ya limau ikipigwa na jua la asubuhi inaweza kuungua na kuacha madoa meusi ya miezi.

Glisarini yenyewe ni kitu kizuri kinachotumiwa vibaya. Huvuta maji. Hewa ikiwa na unyevu, itavuta kutoka hewani. Hewa ikiwa kavu kama ya Moshi ya kiangazi, itavuta kutoka tabaka za chini za ngozi yako mwenyewe, iyalete juu, na upepo uyachukue. Hapo ndipo huo ukavu ulipotoka.

Ipunguze makali: kijiko kimoja cha chai cha glisarini kwa vijiko vinne vya maji yaliyochemka yakapoa. Tengeneza ya siku tatu tu kwenye chupa safi, maana mchanganyiko wenye maji huota vijidudu hata kama haujanuka. Paka kwenye ngozi yenye unyevu, hesabu dakika moja, kisha funika na mafuta: usoni kiasi cha punje ya njegere, viganjani na migongo ya mikono kiasi cha harage kwa kila mkono. Glisarini bila kifuniko juu yake ni nusu ya kazi.

Kwa mikono ya fundi kuna jambo la ziada. Vumbi la kitambaa hunyonya mafuta ya vidole mchana kutwa, ndiyo maana pembeni mwa kucha hupasuka kwanza. Baada ya kupaka usiku, vaa glavu nyepesi za pamba au soksi safi za pamba mikononi kwa saa mbili za mwanzo, hata ukizivua baadaye usingizini. Mfuko wa plastiki usivae; jasho litaivimbisha ngozi na kuilegeza, na asubuhi itachanika kirahisi zaidi.

Wajukuu zangu, nina miaka 71. Usiku miundi inaniwasha mpaka nakaa kitako. Ngozi imepasukapasuka kama udongo wa shamba la kiangazi. Naoga kwa sabuni ya mche na dodoki, maji ya moto, asubuhi na jioni. Nipake nini? — Bibi, Marangu

Shikamoo bibi. Kabla hatujafika kwenye cha kupaka, tunakuomba uache mambo mawili. Sabuni ya mche ni ya kufulia. Imetengenezwa ing'oe mafuta kwenye nguo, na haijui kutofautisha kola ya shati na muundi wa mtu wa miaka 71. Na dodoki linakwangua matofali ambayo saruji yake imeshakwisha. Kadiri umri unavyosogea ngozi hutoa mafuta kidogo, na miundi ndiyo yenye tezi chache za mafuta, kwa hiyo hupasuka kabla ya sehemu nyingine.

Oga mara moja kwa siku, jioni, maji vuguvugu. Mtu wa nyumbani akusaidie kupaka ndani ya zile dakika tatu, hasa nyuma ya miguu na mgongoni. Siku kumi za mwanzo paka tena asubuhi baada ya kufuta miguu kwa kitambaa chenye maji. Mwasho ukija usiku wa manane, usikwangue kwa kucha; weka kitambaa cha maji baridi dakika tano, kisha kiondoe, upake mafuta hapo kabla hapajakauka.

Hili ni muhimu kuliko mafuta yenyewe: nyayo zikishapakwa, usisimame kabla hujavaa soksi na ndala zenye meno. Sakafu ya saruji iliyopigwa rangi na nyayo zenye mafuta vimewavunja wazee wengi nyonga.

Ngozi ikiwa laini baada ya wiki mbili na mwasho ukabaki palepale, nenda kapimwe sukari, figo na ini, kwa sababu mwili mzima unaweza kuwasha kwa sababu za ndani. Na kama wajukuu nao wanajikuna usiku, tazama katikati ya vidole vyao na kwenye vifundo vya mikono, karibu na kiganja. Vipele vidogo vya mstari hapo ni upele unaoambukiza. Huo hauponi kwa mafuta ya mgando. Unataka dawa, na nyumba nzima itibiwe siku moja.

Mwanangu ana miaka mitatu, ana pumu ya ngozi. Usiku anajikuna mpaka damu inatoka nyuma ya magoti. Kliniki walinipa krimu na kuniambia nimfunge nguo zilizoloweshwa, ila sikuelewa vizuri, na huku kwetu usiku ni baridi sana. Nifanyeje asipate homa? — Mama, Ngaramtoni

Pole sana mama, na usiku wa kukaa macho na mtoto anayejikuna ni mrefu. Ulichoelekezwa ni njia nzuri ikifanywa sawasawa. Nguo yenye unyevu hupoza mwasho, huyapa maji nafasi ya kuingia, na hufanya dawa iliyo chini yake ifanye kazi kwa nguvu zaidi. Neno hilo la mwisho ndilo la kushika: kama krimu uliyopewa ina steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho), nguo za maji zinaiongezea ukali. Kwa hiyo paka ile ile uliyoandikiwa, mara ileile uliyoandikiwa, sehemu zenye ugonjwa tu, na usiongeze nyingine ya duka la dawa.

Usiku wa Ngaramtoni ukiwa wa baridi kali, huna haja ya kumlaza nazo hadi asubuhi. Mfanyie saa kumi na moja jioni kwa saa mbili, zinatosha kuleta nafuu. Muogeshe maji vuguvugu dakika tano bila sabuni ya harufu. Mkaushe kwa kugusagusa. Paka dawa sehemu zenye ugonjwa, safu nyembamba. Kiasi unachokipima hivi: krimu inayotoka kwenye tyubu kutoka ncha ya kidole chako cha shahada hadi kiungo cha kwanza, ambayo ni karibu nusu gramu, inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima. Subiri kama robo saa akiwa amefunikwa kanga, kisha paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu mwili uliobaki na juu ya makunyanzi ya magoti na viwiko, safu ya kuonekana.

Sasa nguo. Chukua suti ya kulalia ya pamba inayombana kidogo, au soksi ndefu za pamba za mtu mzima ulizozikata vidole ziwe mirija ya mikono na miguu. Tumbukiza kwenye maji vuguvugu, kamua mpaka isidondoke hata tone. Mvalishe. Juu yake mvalishe suti nyingine kavu, halafu sweta au blanketi. Mtoto awe na joto tumboni na mgongoni ukimgusa. Akianza kutetemeka, vua, mkaushe, mvalishe kavu. Nguo ya ndani ikikauka kabla ya saa mbili, inyunyizie maji au uivue, kwa sababu nguo iliyokaukia kwenye kidonda hung'oa ngozi mpya inapovuliwa. Ukivua, paka tena mafuta kidogo, na kucha zake zikatwe fupi.

Usimfunge kabisa ukiona maganda ya rangi ya asali, usaha, au ngozi yenye joto na wekundu unaosambaa. Hapo pameingia vijidudu na unyevu utavilea. Ukiona malengelenge madogo mengi yaliyotoboka katikati, na mtoto ana homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, msingoje asubuhi. Na usiendelee kufunga zaidi ya wiki moja bila kumrudisha kliniki aonekane.

Tunajua baridi inashawishi, lakini tafadhali jiko la mkaa lisiingie chumba anacholala mtoto, hata kama makaa yameshaiva na hayatoi moshi. Gesi yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Isitoshe, joto lake linaikausha hewa ile ile unayohangaika kuitia unyevu.

Nina miaka 22. Nimeona mtandaoni wasichana wanajipaka mafuta ya mgando uso mzima usiku ili uamke umeng'aa. Nimefanya wiki tatu, nina chunusi paji la uso na mashavu yanawaka. Chini yake napaka krimu niliyochanganyiwa saluni ya kung'arisha. — Msomaji, Njiro, Arusha

Mdogo wetu, kinachotutia wasiwasi hapa ni hiyo krimu ya chini. Kila kitu kilichofungiwa chini ya mafuta mazito huingia ndani zaidi ya kawaida. Mikorogo ya kung'arisha mara nyingi huwa na steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki, na wewe wiki tatu umekuwa ukiisukuma ndani. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania; kopo lisilo na lebo ya viambato, lililochanganywa kwa kijiko mbele yako, halijapita popote.

Acha mkorogo. Ukiacha, uso unaweza kuwa mwekundu, kuvimba na kuwasha kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi hurudi kwenye mkorogo wakidhani ulikuwa unawasaidia. Ule ni uteja wa ngozi. Pata mtu wa ngozi akusimamie. Hata Moshi si mbali: pale hospitali ya KCMC kuna RDTC, kituo cha kanda cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha wataalamu tangu 1992. Ukienda, beba kopo lenyewe, usilifiche.

Mafuta ya mgando yenyewe hayazibi vinyweleo kwa ngozi kavu, ila uso wenye mafuta na chunusi hauhitaji mfuniko mzito. Unafungia humo jasho, vumbi la daladala na mafuta ya nywele yanayoteremka kwenye paji. Uso ukishatulia, osha kwa kitu laini, paka losheni nyepesi ya glisarini, na mafuta uyaweke pale panapopasuka tu: pembe za pua, midomo, chini ya macho. Dawa za chunusi zenye tretinoini, asidi ya salisiliki au benzoili peroksaidi usizifunike hata siku moja. Zitachoma.

Napandisha wageni mlimani. Nikishuka midomo imechanika na pua inatoka damu. Usiku kambini najaza mafuta ya mgando puani na kujipaka uso mzima kuzuia baridi. Kuna ubaya? — Mpagazi, Pasua, Moshi

Kaka, mafuta hayazuii baridi. Uso uliopakwa huhisi joto, lakini haulindwi na kuganda; kinachokukinga ni kitambaa, kofia na kinga ya upepo. Puani usiyajaze. Ukilala, mafuta huteleza nyuma ya koo, na yakivutwa mapafuni usiku baada ya usiku huweza kuleta homa ya mapafu ya aina mbaya isiyosikia dawa za kawaida. Tumia maji ya chumvi ya kudondoshea puani jioni, kisha paka utando mwembamba kwenye ukingo wa pua tu, kwa nje, kama saa moja kabla ya kulala.

Midomo haina tezi za jasho na ngozi yake ni nyembamba, kwa hiyo kule kambi ya Kibo, mita 4,720, hewa inakausha bila huruma. Kuilamba ndiko kunakoichana: mate hukauka na kuondoka na unyevu uliokuwepo. Kambini fanya hivi: funda moja la maji vuguvugu, lowesha midomo, paka mafuta ya mgando safu nene inayovuka ukingo wa mdomo kwa nusu sentimita. Mkiamshwa usiku wa manane kwenda kileleni, paka tena kabla hujatoka hemani. Kopo lilale ndani ya begi la kulalia, la sivyo utalikuta gumu.

Jua likichomoza, mafuta ya mgando matupu hayatoshi. Hayakingi jua, na mionzi inaongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, achilia mbali ile inayorudishwa na theluji. Tumia mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, SPF 30 kwenda juu. Kidonda cha mdomo wa chini kisichopona wiki tatu kikaonekane hospitali.

Magaga! Soksi zinanasa. — Mwalimu, Usa River

Mwalimu, loweka miguu kwenye beseni la maji vuguvugu robo saa. Sugua kwa jiwe la miguu kuelekea upande mmoja, taratibu, uishie pale ngozi inapoanza kuwa laini. Ukitafuta rangi ya waridi utatoka damu. Wembe usiusogeze. Paka krimu yenye yurea asilimia 20 hadi 25, dakika tano, kisha mafuta ya mgando, kisha soksi za pamba hadi asubuhi. Jiwe mara mbili kwa wiki, krimu kila usiku. Ufa wenye damu usipakwe yurea, utawaka. Weka mafuta matupu mpaka ufunge. Ndala zilizo wazi nyuma huacha unyayo utanuke kila hatua na kuupasua tena, kwa hiyo darasani vaa viatu vilivyofungwa. Mwenye kisukari asijisugue mwenyewe kwa jiwe.

Mafuta ya mgando siyapendi. Kuna ya kupikia yanayofaa? — Msomaji, Rau, Moshi

Alizeti ni bora kuliko wengi wanavyodhani, yale ya kawaida yenye asidi ya linoleiki kwa wingi, kwani asidi hiyo ni malighafi ya saruji ya ngozi. Kijiko kimoja na nusu cha chai kwa miguu miwili, kwenye ngozi yenye maji. Yasiwe yaliyokwisha kukaangiwa, na yakinuka uchachu yatupe. Zeituni na parachichi, pamoja na bei yake, yana asidi ya oleiki nyingi inayolegeza tabaka la juu. Kwenye ngozi iliyochanika au ya mtoto yaache. Nazi ni ya wastani: hulainisha vizuri, ila mwenye utangotango kifuani asiitumie, kwani fangasi wake huishi kwa kula mafuta ya aina hiyo. Mafuta ya mgando hawayali. Yote ya kupikia hufunga maji kidogo kuliko ya mgando, kwa hiyo usiku wa baridi kali paka mara mbili. Jaribu kwanza ndani ya mkono, siku mbili.

Mashuka yangu yamekuwa ya manjano na hayatoki. — Msomaji, Kijenge, Arusha

Tenga shuka moja na suti moja ya kulalia ya kazi hii. Kabla ya kufua, paka sabuni ya maji ya vyombo kwenye madoa yakiwa makavu, sugua, acha nusu saa, kisha loweka kwenye maji ya moto kadiri kitambaa kinavyoweza kuhimili. Maji baridi hayatoi mafuta ya mgando. Fua kila wiki. Jua kwamba hata shuka lililofuliwa hubaki na mabaki ya mafuta, na kitambaa chenye mabaki hayo kikishika cheche huwaka haraka kuliko cha kawaida. Asiyeacha sigara asivutie kitandani, mshumaa ukae mbali na neti, na msimu huu wa mvua za rasharasha shuka lisipokauka kambani, lirudishe kesho yake juani, usilitandaze juu ya jiko.